Mwaka Mmoja Ugenini: Vijana Wenye Diploma wa Nigeria Baada ya Vita

Katika mazungumzo yetu yaliyopita tuliongea juu ya mashamba, juu ya wakimbizi wanaorudi vijijini, na juu ya wazee wanaoamua maneno chini ya mti. Leo tutatoka kidogo nje ya nchi yetu. Tutaenda Nigeria, tuangalie jambo moja ambalo taifa hilo lilijaribu baada ya vita vyake kubwa, na ambalo linaendelea mpaka leo. Utauliza: Nigeria na sisi wa Kivu tunahusianaje? Ngoja kidogo, utaona kwamba njia si ndefu namna unavyofikiri.

Wazee wa Bukavu wanaweza kukumbuka askari weusi wenye kofia za buluu ambao hawakujua Kiswahili wala Lingala. Hao walikuwa Wanigeria. Walikuja pamoja na jeshi la Umoja wa Mataifa mwaka wa 1960, wakati nchi yetu ilipoanza kupasuka, Katanga ikijitenga tangu tarehe 11 Julai mwaka huo. Mwezi wa Desemba 1960, matabibu kutoka Austria walifungwa hapa Bukavu, na ni askari wa Nigeria waliowatoa. Mkubwa wao aliitwa Johnson Aguiyi-Ironsi. Mwaka wa 1964 huyo aliongoza jeshi lote la Umoja wa Mataifa katika Kongo. Kijana mwingine wa jeshi hilo aliyepita Kongo aliitwa Yakubu Gowon. Mwingine tena aliitwa Odumegwu Ojukwu. Tunza majina hayo matatu kichwani.

Watu hao watatu waliona kwa macho yao namna nchi inavyopasuka. Walikuja kututenganisha sisi tuliokuwa tunapigana. Basi ungefikiri kwamba wamejifunza, kwamba kwao hayatafika. Lakini ugonjwa wa jirani haukupi dawa kwa kuutazama tu. Januari 1966 maofisa vijana waliua waziri mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa, pamoja na wakubwa wengine, wengi wao wa kaskazini. Ironsi akashika utawala, na mwezi wa Julai mwaka huo huo naye akauawa. Gowon akashika nafasi yake. Katika miji ya kaskazini watu wa kabila la Waigbo, waliokuwa wafanyabiashara, makarani na wafanyakazi wa treni, waliuawa kwa maelfu. Zaidi ya milioni moja walikimbia kurudi mashariki kwao, wengine wakiwa na nguo ya mwilini tu. Tarehe 30 Mei 1967, Ojukwu akatangaza kwamba mashariki imekuwa nchi yake yenyewe, jina lake Biafra. Julai vita ikaanza.

Sitaki kukaa sana juu ya vita. Iliendelea miezi 30. Waliokufa wanahesabiwa kuwa milioni moja na zaidi, na wengi wao hawakufa kwa risasi, walikufa kwa njaa, hasa watoto. Tarehe 15 Januari 1970 Biafra ikaweka silaha chini. Siku hiyo Gowon alisema maneno yaliyojulikana dunia nzima: hakuna mshindi, hakuna mshindwa.

Ni maneno mazuri. Lakini mimi nasema ukweli, na ni lazima kuyaweka pembeni ya mambo yaliyofanyika. Mwigbo aliyekuwa na pesa katika benki wakati wa Biafra, hata kama zilikuwa nyingi sana, alirudishiwa pauni 20 tu. Waigbo wengine waliokuwa na nyumba huko Port Harcourt walirudi wakakuta zinaitwa mali iliyoachwa, na wengine wanakaa ndani. Kwa hiyo kulikuwa na amani ya redio na kulikuwa na hali ya nyumbani, na hizo mbili hazikulingana. Sisi tunajua jambo hilo.

Katika hali hiyo serikali ya Gowon ikapata wazo. Tarehe 22 Mei 1973 ikatoa amri ya kuunda Utumishi wa Vijana wa Taifa, ambao kule wanauita kwa herufi nne, NYSC. Amri ilisema hivi kwa kifupi: kila kijana anayemaliza masomo ya chuo kikuu, kabla ya kutafuta kazi, atatumikia taifa mwaka mmoja. Na hatatumikia kwao. Atapelekwa katika jimbo ambalo si la asili yake, katikati ya watu ambao lugha yao hajui. Wa mashariki aende kaskazini, wa kaskazini aende pwani, wa magharibi aende alikosema hataenda kamwe.

Je, vijana walipokea kwa furaha? Hata kidogo. Wanafunzi waliandamana mwaka huo wa 1973. Walisema: tumesoma kwa taabu, wazazi wameuza mashamba, sasa tunataka mshahara, ninyi mnatupa kaki. Wengine walishuku kwamba wanajeshi wanataka kuwashika mkono ili wasiseme tena. Lakini sheria ilibaki, na kundi la kwanza la vijana 2,364 likaenda.

Hapa nifungue mabano, ndugu yangu. Miaka miwili tu mbele ya hiyo, mwezi wa Juni 1971, hapa kwetu wanafunzi wa Lovanium huko Kinshasa walivalishwa pia nguo za jeshi. Walikuwa wamekumbuka wenzao waliouawa tarehe 4 Juni 1969 katika maandamano. Mobutu akakasirika, akafunga chuo, akawaingiza jeshini. Kwa hiyo katika Afrika hiyo moja, karibu katika wakati mmoja, kijana mwenye kalamu alivalishwa kaki mara mbili: kwetu kama adhabu, na Nigeria kama dawa. Ukimwuliza baba au babu yako ambaye alisoma wakati huo kwa nini anaogopa maneno kama “kambi ya vijana”, usimcheke. Ana sababu. Nafunga mabano.

Sasa nataka nikupe mambo kama yalivyosimuliwa na mtu aliyepita ndani. Huyo ni mama mmoja Mwigbo, mfamasia, ambaye alifanya kazi ya dawa hapa Kivu kwa miaka kadhaa, na tulizoea kuongea jioni. Jina lake sitalitaja, aliniomba hivyo. Alizaliwa mwaka wa 1972, nyuma ya vita. Lakini vita ilikuwa nyumbani kwao kama mtu wa familia. Ndugu mkubwa wa baba yake aliuawa Kano mwaka wa 1966, maiti haikuonekana mpaka leo. Baba mwenyewe alikuwa muuzaji wa vipuri vya magari, na alikuwa mmoja wa wale waliopewa pauni 20. Risiti ya benki aliitunza ndani ya Biblia.

Mwaka wa 1997 barua ya kuitwa ilipofika, ilikuwa imeandikwa Katsina. Katsina ni mbali kule juu, karibu na mpaka wa nchi ya Niger, jimbo la Wahausa na Wafulani, Waislamu. Baba alisoma barua, akaikunja, akaiweka mfukoni mwake, akasema: “Mwanangu haendi.” Siku mbili alikaa nayo mfukoni.

Mama huyo aliniambia kwamba aliyebadilisha neno hakuwa yeye. Ni mama yake. Alimwambia mume wake: bila cheti cha utumishi huo hakuna ofisi itakayomwandika kazi, na miaka sita ya masomo nani ataila? Unaona, haikuwa upendo wa taifa. Ilikuwa hesabu ya nyumbani. Mimi napenda jambo hilo lisemwe wazi, kwa sababu mara nyingi tunaposimulia habari za amani tunatia watu mabawa ya malaika.

Basi akapanda basi, safari ya usiku na mchana. Kambini mambo ya kwanza yalikuwa mstari. Mstari wa kuonyesha diploma, mstari wa kupewa nguo: kaptula nyeupe na fulana nyeupe za asubuhi, viatu vya turubai, halafu suruali na shati la kaki, kofia na buti. Buti zake zilizidi mguu kwa namba mbili. Akabadilishana na msichana aliyelia kwa sababu zake zilikuwa ndogo. Msichana huyo alikuwa Myoruba wa Abeokuta, na ndiye akawa rafiki yake wa kitanda cha juu, wakalala mmoja juu na mmoja chini kwa majuma yote 3.

Tarumbeta ililia kabla ya mwanga. Sala, wimbo wa taifa, mbio, paredi. Askari wa kuwafundisha hawakujali nani ana diploma ya nini. Daktari na mwanasheria walitambaa chini ya kamba sawasawa na mwalimu wa shule. Chakula kilikuwa uji wa mahindi na maandazi ya maharagi, na kila mtu alisimama na sahani yake. Kulikuwa na soko ndogo ndani ya kambi, vijana walikula huko pesa zote walizoletewa. Jioni vikosi vilishindana kwa mpira, ngoma na michezo ya kuigiza. Aliniambia akicheka kwamba uhasama wa kabila ulisahauliwa upesi kuliko uhasama wa kikosi cha 4 na kikosi cha 7.

Lakini usiku, katika giza, waliongea mengine. Msichana mmoja wa kaskazini, wa Bauchi, ambaye alikuwa anangojea kutumwa kwingine, alimwuliza siku moja: “Ninyi Waigbo, kwa nini mliua Sardauna?” Sardauna ni yule mkubwa wa kaskazini, Ahmadu Bello, aliyeuawa Januari 1966. Mfamasia wetu akajibu: “Na ninyi, kwa nini mliua baba yangu mkubwa?” Wakanyamaza wote wawili. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amezaliwa mwaka huo. Aliniambia: “Niligundua kwamba yeye pia alifundishwa vita nyumbani, lakini alifundishwa mwanzo mwingine. Mimi vita yangu ilianza Kano. Yake ilianza usiku wa Januari.” Hawakupatana usiku ule. Ila kesho yake walisimama pamoja katika mstari wa uji, kwa sababu mstari ulikuwa mmoja.

Kambi ikaisha, wakaapishwa, wakapelekwa kila mtu mahali pa kazi. Yeye alipewa hospitali ya mji mdogo. Hapo, msikilizaji, ndipo utumishi wenyewe unaanza. Kambi ni majuma 3, mwaka una 52. Mahali pa kwanza walipompeleka walimkataa, wakasema hawana nyumba wala pesa ya kumlisha. Alikaa siku nne juu ya sanduku lake katika chumba cha kungojea wagonjwa. Halafu mama mmoja mjane, Mhausa, aliyekuwa mfagiaji wa hospitali hiyo, akamwambia aje akae katika kiwanja chake, chumba cha pembeni.

Lugha hakuijua. Alijifunza kwanza salamu. Wahausa asubuhi wanauliza, “Ina kwana?”, yaani umelalaje, na unajibu “Lafiya”. Neno hilo ni ndugu wa neno letu “afya”, yote mawili yametoka katika Kiarabu. Aliposikia sisi tunasema afya hapa Bukavu alishtuka, akasema: hata hapa nimetangulia kufika! Kisha akajifunza hesabu za dawa: moja asubuhi, moja jioni, usimpe mtoto tumboni hana kitu. Akajifunza kula tuwo, ambayo ni bugali yetu, tofauti ni mchuzi. Akajifunza pia kuvumilia harmattan, upepo wa jangwani unaopasua midomo na kujaza vumbi mpaka ndani ya kitabu.

Tarehe 8 Juni 1998 mtawala wa Nigeria, jenerali Sani Abacha, akafa ghafula. Tarehe 7 Julai akafa Moshood Abiola, yule Myoruba aliyeshinda uchaguzi wa 1993 na kunyimwa utawala, akafia kifungoni. Huko Lagos na miji ya magharibi ghasia zikawaka, na watu wa kaskazini wakaanza kushambuliwa. Sasa fikiri wewe kijana wa kusini uliye Katsina. Kila mtu alikumbuka 1966: ya kule yakitokea, ya huku yanafuata. Baba yake akatuma ujumbe kwa mdomo wa dereva wa basi: “Rudi. Acha cheti. Acha vyombo. Rudi leo.”

Dereva alimngojea mpaka jioni. Vijana wengine wawili wa utumishi walipanda. Yeye alikuwa amefunga sanduku. Yule mjane akaja mlangoni, hakusema maneno mengi. Alisema njia ni mbaya kuliko mji, na kwamba atalala ndani ya nyumba pamoja na binti zake, si katika chumba cha pembeni. Kisha akachukua kitambaa akamfunika kichwa namna wanawake wa huko wanavyojifunika, akambeba sanduku ndani.

Alilala humo usiku tisa. Hakuna lililotokea. Mji ulikaa kimya, soko likafunguliwa, wagonjwa wakaja. Nilimwuliza: ulijuaje kwamba mjane huyo hatakugeuka? Akaniambia: “Sikujua. Nilikuwa nimekula sahani moja naye miezi minane, basi.”

Nisikupe picha ya upande mmoja. Utumishi huo una mabaya yake, na Wanigeria wenyewe wanayasema kwa sauti. Kuna wazazi wanaotafuta njia za pembeni ili mtoto apelekwe Lagos au Abuja. Kuna vijana wanaofundisha mwaka mzima somo ambalo hawakusoma. Posho haitoshi, hata baada ya kupandishwa kutoka naira 33,000 mpaka 77,000 kwa mwezi kwa uamuzi wa 2024. Na kuna damu. Aprili 2011, baada ya uchaguzi wa rais, ghasia ziliwaka kaskazini, watu zaidi ya 800 wakafa. Kati yao walikuwa vijana 10 wa utumishi, waliouawa katika jimbo la Bauchi. Walikuwa wametumwa kusimamia kura, wakiwa wamevaa kaki ya taifa. Wazazi wengi waliuliza: taifa lililoomba mtoto wangu lilikuwa wapi siku ile? Swali hilo halijapata jibu la kutosha, na kila ghasia zinapoanza mahali fulani, kuna wanaosema utumishi uondolewe kabisa.

Na vita hiyo ya zamani nayo haikuisha katika mioyo. Mpaka leo kuna vijana mashariki mwa Nigeria wanaotaka Biafra irudi. Miaka 50 na zaidi ya kambi na kaki haikufuta pauni 20. Mwanauchumi mmoja, Oyebola Okunogbe, alichunguza vijana waliotumwa mbali na kwao akawalinganisha na waliobaki katika eneo la watu wao. Akakuta kwamba waliotumwa mbali walilipenda zaidi taifa, walijua zaidi habari zake, na wengi zaidi walikubali kuishi kule. Lakini alikuta pia kwamba walilipenda zaidi kabila lao wenyewe. Wengine watashangaa. Mimi sishangai. Mtu anayekaa ugenini ndipo anajua ladha ya chakula cha mama yake.

Turudi nyumbani. Sisi pia tulikuwa na desturi, wakati wa Mobutu, ya kupeleka wakubwa wa serikali nje ya majimbo yao: wa Equateur akatawale Kivu, wa Kivu akatawale Bandundu. Wengi waliichukia, na kwa haki, kwa sababu aliyetumwa alikuja kutawala, si kutumikia. Hakulala katika chumba cha pembeni cha mjane. Halafu miaka ya 90 ikaja na neno “jeopolitiki”: kila mtu kwao. Umeona ilipotufikisha. Mwaka wa 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, wengine waliozaliwa Katanga pamoja na wazazi wao, walifukuzwa. Walilala miezi kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingojea treni, na watoto walikufa pale pale kwenye reli.

Mwaka wa 1997, mwaka ule ule ambao mfamasia wetu alipelekwa Katsina, serikali ya Laurent-Désiré Kabila iliunda Utumishi wa Taifa wa kwetu. Kambi yake inayojulikana zaidi ni ile ya Kaniama-Kasese, ambako katika miaka hii ya nyuma vijana wa Kinshasa wanaoitwa kuluna wamepelekwa kulima mahindi na kujifunza ufundi. Kuna wanaosifu kazi hiyo na kuna wanaoilalamikia. Lakini angalia tofauti: Kaniama inapokea kijana aliyekamatwa. Mwenye diploma hapiti huko. Kijana wa Bukavu anayemaliza masomo ya sheria hajawahi kuombwa akakae mwaka mmoja Mbandaka, ajifunze Lingala ya kule, afundishe katika shule ya watu wasiojua Bushi iko wapi. Na wa Mbandaka hajawahi kuombwa aje kwetu. Huku kwetu anakuja akiwa askari, au hatujui sura yake.

Sisemi tuige. Nchi yetu ni kubwa, barabara hakuna, na nani atamlinda kijana huyo? Wazazi wa wale 10 wa Bauchi wangekuuliza hilo kwanza, nawe ni lazima uwe na jibu kabla ya kumshonea mtoto wa mtu kaki. Nakuletea tu habari, uongee nayo nyumbani, hasa ninyi wazazi wenye watoto chuoni. Ingekuwa barua imefika mlangoni kwako, imeandikwa jina la mji ambao huwezi kuusikia bila moyo kuruka, ungeikunja na kuitia mfukoni? Kwa siku ngapi?

Mfamasia alimaliza mwaka wake, akapata cheti. Siku ya kurudi, mjane alimpa kitambaa kile cha kichwa na mfuko wa vitunguu. Nyumbani kwao baba alipokea vitunguu, akavitazama, akauliza ni vya nani. Akaambiwa. Hakusema neno. Juma lililofuata aliingia sokoni akanunua viazi vikuu vizuri, mizizi sita, akavifunga ndani ya gunia, akampelekea yule yule dereva wa basi, akaandika juu yake kwa mkono wake jina la mjane na neno Katsina. Binti alipomwuliza kwa nini, akajibu kwamba vitunguu vilikuwa vingi, na yeye hapendi deni.

Juma lijalo, saa ile ile, tutaongea juu ya masoko ya mpakani na wakina mama wanaoyavuka. Kwaheri ya kuonana.